Kukua, Kuchanua na Kustawi: Vitenzi vya Mimea katika Kiingereza na Matumizi Yake kwa Mhubiri

Utangulizi

Wachungaji na wanafunzi wengi wa theolojia katika Afrika Mashariki huishi kati ya lugha mbili. Vitabu vya ufafanuzi wa Biblia na vya mafundisho ya imani wanavyovisoma vimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, lakini mahubiri yao huwa ya Kiswahili. Hivyo kila anayetayarisha mahubiri ni mfasiri pia, apende asipende. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza fungu moja dogo la maneno ambalo humpa mfasiri huyo taabu asiyoitambua mara moja, yaani vitenzi ambavyo Kiingereza huvitumia kwa kukua kwa mimea, pamoja na jinsi vinavyotumika kwa mfano juu ya watu, mawazo, mataifa na Kanisa.

Huenda msomaji akauliza kwamba jambo hili lina uzito gani kwa mtumishi wa Neno. Tunajibu kwamba Biblia yenyewe husema habari za Mungu na watu wake kwa lugha ya shamba: mbegu, chipukizi, mzabibu, mtini, ngano na magugu. Kamusi ndogo huvifasiri vitenzi kumi vya Kiingereza kwa maneno mawili tu, "kukua" na "kustawi". Hapo tofauti zote hupotea, na pamoja nazo huweza kupotea jibu la swali kubwa: ni nani anayetenda pale kitu kinapokua?

1. Hatua za mmea na vitenzi vyake

Njia nyepesi ya kuvipanga vitenzi hivi ni kuufuata mmea tangu mbegu hadi mavuno.

Hatua ya kwanza imo chini ya udongo. Kiingereza husema "germinate", neno la kitaalamu lenye asili ya Kilatini. Kwa mfano hutumika juu ya wazo lililomo akilini mwa mtu ambalo bado halijaonekana kwa wengine. Kiswahili tunasema mbegu imeota au imemea. Tukumbuke kwamba "germ", neno la ukoo huo huo, kwanza lilimaanisha chipukizi au kiini cha mbegu. Baadaye likahamia kwa vijidudu vya maradhi. Mwandishi wa karne ya 18 anayesema juu ya "germ" ya imani hasemi juu ya ugonjwa.

Hatua ya pili ni kutokeza juu ya udongo. Hapa yapo "sprout", "shoot" na "spring up". La kwanza ni kuchipua. La pili lina wazo la kasi, kama kitu kilichotupwa, na hivyo husemwa juu ya bei zinazopanda ghafula au mtoto anayerefuka upesi. La tatu ni kutokeza kwa nguvu, kama maji ya chemchemi. Kutokana na hilo la tatu majira yanayofuata baridi kali huko Ulaya yakaitwa "spring". Msomaji wetu anayejua masika na vuli, na siyo theluji, hana budi kukumbuka kwamba shairi la Kiingereza linaloshangilia majira hayo linashangilia ardhi iliyokuwa kama imekufa kwa miezi kadhaa.

Hatua ya tatu ni ya vitumba na maua. "Bud" ni kutoa vitumba. Kwa mfano husemwa juu ya mtu aliye mwanzoni mwa kazi yake, kama sisi tunavyosema mwandishi chipukizi. Kukivunja kitumba kabla hakijafunguka ni mfano wa kukomesha jambo baya mapema. Mithali yetu ya kumkunja samaki angali mbichi hukaribia maana hiyo, ingawa yenyewe husema zaidi juu ya malezi kuliko juu ya kukomesha. Baada ya kitumba huja "bloom", "blossom" na "flower". Yote matatu ni kuchanua, lakini hayalingani. "Blossom" husemwa hasa juu ya miti izaayo matunda, na kwa hiyo ndani yake limo tumaini la kitu kitakachofuata. Msichana mwenye haya aliyeanza kusema mbele za watu husemwa kwa kitenzi hiki. "Bloom" hudokeza uzuri wa wakati ule ule, afya na ujana, na pia kupita kwake upesi. "Flower" hupenda kusemwa juu ya sanaa, elimu au zama za taifa.

Hatua ya mwisho ni "ripen", yaani kuiva au kukomaa, na "bear fruit", yaani kuzaa matunda. Kinyume chake ni "wither", kunyauka. Kiswahili ni tajiri hapa kuliko inavyodhaniwa. Tunatofautisha kunyauka, kukauka, kudumaa na kuvia, na kila neno laweza kusemwa juu ya roho ya mwanadamu. Mkristo aliyedumaa siye aliyenyauka: wa kwanza hakuendelea kukua, wa pili alikua kisha akakosa maji.

2. Asili ya maneno haya

Kiingereza kina maneno mengi yenye maana moja kwa sababu ya historia yake. Shina lake ni la Kijerumani cha kale. Wavamizi kutoka Skandinavia wakaongeza maneno yao. Na baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa, na nyuma yake Kilatini, kikaingia kwa wingi.

"Grow" ni la shina lile la kwanza. Lina undugu na maneno ya Kiingereza ya "kijani" na "majani". Maana yake ya asili ilikuwa kumea kwa mimea. Mtu au mnyama hapo kale alikuwa na kitenzi chake, "wax", ambacho ni ndugu wa "wachsen" la Kijerumani. Kitenzi hiki bado kinaonekana katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, kwa mfano katika Luka 1:80 na 2:40, kuhusu Yohana na mtoto Yesu kuongezeka nguvu. Leo kimebaki hasa kwa mwezi unaopanuka angani. Maana yake ni kwamba Mwingereza anaposema mtoto "anakua" kwa kitenzi cha sasa, ametumia mfano wa mmea bila kujua.

"Bloom" lilitoka kwa watu wa Skandinavia. "Flower" na "flourish" yalipitia Kifaransa kutoka kwa neno la Kilatini la ua. Hata neno la Kiingereza la unga wa ngano, "flour", lilikuwa ni lile lile "flower": lilimaanisha sehemu iliyo bora ya kilichosagwa, na tahajia mbili zilitenganishwa baadaye. "Thrive", ambalo mara nyingi huwekwa pamoja na "flourish", halikuwa neno la mimea hata kidogo. Lilitoka Skandinavia na maana yake ya kale ni kujishikia au kujipatia kitu. Ndugu yake ni neno la uwekevu wa mali. Kwa hiyo katika "flourish" kuna ua lililofunguka, na katika "thrive" kuna mkono uliofumba.

Kiswahili nacho kilipokea maneno yake kwa njia hiyo hiyo. "Kustawi" lilitufikia kutoka Kiarabu, lenye wazo la kuwa sawa na kuiva; "kunawiri" limetoka katika shina la nuru. Pembeni mwa hayo yamebaki maneno ya Kibantu: kumea, kuota, kukua. Hatupungukiwi na maneno. Tunapungukiwa na desturi ya kuyatumia kwa uangalifu.

3. Sifa na lawama

Mfasiri huteleza zaidi pale ambapo kitenzi cha Kiingereza hubeba hukumu ndani yake. Tutaje vichache.

"Mushroom" ni kukua kama uyoga: haraka, kwa wingi, bila mizizi ya kuaminika. Husemwa juu ya mabanda yanayojengwa ovyo au madhehebu mapya. Sisi tunasema yamezuka kama uyoga, na lawama hubaki. Ukitafsiri kwa "kustawi" umegeuza shutuma kuwa sifa.

"Burgeon" lilimaanisha kutoa vitumba. Siku hizi waandishi wengi hulitumia kwa kuongezeka kwa kasi kwa kitu chochote, kama idadi ya watu au deni la taifa. Wapo watunzaji wa lugha waliolipinga jambo hilo, lakini matumizi yameshinda.

"Take root" huweza kuwa jema au baya. Kiswahili cha kila siku kimeelekea upande mmoja, maana tunasema rushwa imeota mizizi. Hivyo mhubiri anayetaka kusema kwamba imani imeshika chini atafanya vyema kutumia "kutia mizizi" au "kuwa na shina", kama wasikilizaji wake walivyozoea kusikia katika Waefeso 3:17 na Wakolosai 2:7.

"Go to seed" ni mtego kwa msomaji wetu. Kwa mkulima wa mahindi, kutoa mbegu ndilo lengo. Kwa mkulima wa mboga za majani, mmea uliotoa mbegu umeharibika, majani yake ni machungu. Ndiyo maana katika Kiingereza maneno haya yanamaanisha mtu au mahali palipochakaa kwa kutotunzwa.

"Vegetate" ni neno lililogeuka kabisa. Katika Kilatini shina lake lilikuwa la kutia uhai na nguvu. Katika Kiingereza cha leo ni kukaa bure pasipo kufikiri. Na "flourish" lenyewe, likiwa nomino, laweza kumaanisha mapambo ya mwandiko, mbwembwe za mkono, au mlio wa tarumbeta katika tamthilia za Shakespeare mfalme anapoingia.

4. Bustani iliyofichika katika maneno ya Kanisa

Baadhi ya maneno tunayoyatamka kila siku katika vyuo vyetu ni maneno ya bustani yaliyosahauliwa.

Neno "seminari" latokana na Kilatini "seminarium", ambalo ni kitalu cha miche, na ndani yake limo neno la mbegu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kila jimbo liwe na mahali pa namna hiyo pa kuwalea vijana kwa ajili ya upadre, na neno likaenea hata kwa Waprotestanti. Kitalu si shamba. Miche hukaa humo kwa muda, hutiliwa maji na kukingwa jua kali, ili ihamishwe. Mche unaoachwa kitaluni miaka mingi hujikunja mizizi. Mwanafunzi anayelalamika juu ya kupelekwa usharika wa mbali na afikiri juu ya asili ya neno hili.

"Propagate" lilikuwa kitenzi cha wakulima wa mizabibu: kuuzidisha mmea kwa kuchukua sehemu yake na kuiotesha. Mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 aliunda idara ya Roma ya kueneza imani kwa kutumia kitenzi hicho, na mwaka 1701 Waanglikana wakaanzisha huko London chama chao cha kueneza Injili katika nchi za ng'ambo kwa kitenzi hicho hicho. Kutokana na jina la ile idara ya Roma lilizaliwa neno "propaganda", ambalo leo linanuka uongo. Mabadiliko hayo ni onyo: tendo la kuotesha, likiondolewa subira ya mkulima, hugeuka kuwa kelele.

"Neophyte" ni Kigiriki kwa "aliyepandwa karibuni". Limo katika 1 Timotheo 3:6, ambapo Paulo hataki mtu wa namna hiyo awe askofu. Biblia yetu ya Kiswahili hutumia kitenzi cha kuongoka, na maana imehifadhiwa, ila picha imepotea. Picha yenyewe yafaa kuelezwa: mche wa jana haufungiwi ng'ombe. Hali kadhalika "eradicate" ni kung'oa pamoja na mizizi, na "radical" ni mtu afikaye kwenye mzizi wa jambo.

5. Katika tafsiri za Maandiko

Zaburi ya 92 yatuonyesha jinsi wingi wa maneno yenye maana moja uwezavyo kuficha jambo. Katika Kiebrania kitenzi "parach", yaani kuchipua au kuchanua, chatumika katika mstari wa 7 kwa waovu walio kama majani, na tena katika mstari wa 12 kwa mwenye haki aliye kama mtende. Mtunzi anafanya hivyo kwa makusudi. Kwa nje, kuchipua kwa waovu na kwa wenye haki ni kitendo kimoja. Tofauti ni aina ya mmea na muda utakaodumu. Tafsiri ya King James iliweka "spring" mahali pa kwanza na "flourish" mahali pa pili, na tena ikaweka "flourish" katika mstari ule wa 7 kwa kitenzi kingine cha Kiebrania. Kila neno ni sahihi peke yake, lakini msomaji haoni tena kwamba mtunzi amewalinganisha watu wawili kwa kitenzi kimoja. Tunamshauri msomaji afungue tafsiri yake ya Kiswahili aone kama ulinganisho huo umebaki.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kimefanya vizuri kuliko Kiingereza cha kale. Neno "tsemach" katika Yeremia 23:5 na Zekaria 3:8 ni kitu kinachochipuka kutoka ardhini. King James ilisema "Branch", yaani tawi. Tawi hutegemea mti ulio hai. Chipukizi huweza kutoka mahali palipodhaniwa pamekufa. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inasema "Chipukizi", na hivyo msikilizaji wa Kiswahili katika majira ya Adventi yuko karibu zaidi na nabii.

Fimbo ya Haruni katika Hesabu 17:8 hupita hatua zote kwa usiku mmoja: vitumba, maua, lozi mbivu. Mwandishi anapanga vitenzi vyake kwa utaratibu ule tuliouona katika sehemu ya kwanza. Mhubiri asivifupishe kuwa "ikastawi", kwa maana muujiza umo katika hatua zenyewe.

6. Ni nani anayekuza?

Sasa tunafika kwenye swali tuliloliweka mwanzoni. Kwa karne nyingi "grow" kilikuwa kitenzi kisicho na mtendwa: mmea hukua, basi. Kuanzia karne ya 18 wakulima wa Kiingereza wakaanza kusema wanakuza ngano au maua kwa kitenzi hicho hicho. Kisha, hasa baada ya kampeni ya urais ya Marekani ya mwaka 1992, ikawa kawaida kusikia wanasiasa wakisema watakuza uchumi kwa kitenzi hiki. Wafanyabiashara wakafuata, na baada yao viongozi wa makanisa. Leo vitabu vingi vya Kiingereza humwambia mchungaji namna ya "kulikuza" kanisa lake kama mtu akuzavyo kampuni.

Hatutaki kuwahukumu wote kwa pamoja. Donald McGavran, mmisionari aliyezaliwa India mwaka 1897, alipoandika juu ya kukua kwa Kanisa katika vitabu vyake vya mwaka 1955 na 1970, alikuwa na swali la haki: kwa nini katika sehemu nyingine watu huja kwa Kristo kwa makundi na kwingine sivyo? Lakini swali la mtafiti si sawa na majivuno ya mtendaji. Kiswahili, kwa bahati njema, hakituruhusu kujificha. Kiingereza kina umbo moja kwa mambo mawili. Sisi tuna "kukua" na "kukuza", na kiambishi kile kidogo humtaja mwenye kazi waziwazi. Anayesema "nimelikuza kanisa" amejitaja.

Tuangalie basi 1 Wakorintho 3:6. Paulo anajitaja mwenyewe kwa kupanda na Apolo kwa kutia maji, na vitenzi vyote viwili katika Kigiriki viko katika umbo la tendo lililokwisha. Kitenzi cha tatu, "auxano", kimetumika kwa maana ya kukuza, na mwenye kukuza ni Mungu; tena kiko katika umbo la tendo lililokuwa likiendelea. Wapandaji walikuja wakaondoka. Mungu alikuwa akikuza wakati wote. Luther katika tafsiri yake alichagua neno "Gedeihen", lenye maana ya kustawi, na kusema kwamba hilo Mungu ndiye aliyelitoa.

Katika Matendo ya Mitume kitenzi hicho cha Kigiriki chaonekana tena (6:7, 12:24, 19:20), na kinachokua ni Neno. Luka hasemi kwamba mitume walilikuza Neno, bali Neno lenyewe lilikua. Tafsiri ya Union katika 6:7 inasema kuenea. Ni Kiswahili kizuri, lakini kitu chochote chaweza kuenea, hata moshi. Kinachokua lazima kiwe hai.

Jambo hili ni la urithi wetu. Machi 1522, aliporudi Wittenberg kutuliza ghasia za wale waliotaka kuharakisha matengenezo kwa nguvu, Luther aliwaambia washarika kwamba yeye alifundisha, akahubiri na kuandika Neno la Mungu tu. Na alipokuwa amelala, au akinywa bia pamoja na rafiki zake Filipo na Amsdorf, Neno lilifanya kazi yote. Maneno hayo si ya kuutetea uvivu, kwa kuwa msemaji alikuwa mtu wa kazi nyingi kupita kiasi. Ni ufafanuzi wa Marko 4:26-29, ambapo mpanzi hulala na kuamka, na ardhi huzaa yenyewe, kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu.

7. Mashauri machache

Kwanza, msomaji akutanapo na kitenzi cha mimea katika kitabu cha Kiingereza, ajiulize ni hatua gani ya mmea inayosemwa, na kama mwandishi anasifu au analaumu. Baada ya hapo ndipo afungue kamusi.

Pili, awe mwangalifu na "flourishing". Katika maadili ya Kiingereza, hasa tangu makala ya Elizabeth Anscombe ya mwaka 1958, neno hili limekuwa la kawaida kwa hali ya mwanadamu kuwa kama alivyokusudiwa kuwa, wazo lililotoka kwa Aristoteli. Likitafsiriwa "ustawi" pasipo maelezo, msikilizaji wetu hufikiri juu ya mali, huduma za jamii, au mahubiri ya mafanikio yanayotangazwa kila mtaa. Afadhali kusema "kukomaa katika utu" au kuieleza maana kwa sentensi nzima. Mkristo aliyelala kitandani kwa ugonjwa wa muda mrefu aweza kuwa amechanua kwa maana ile ya kwanza, na mhubiri asimnyime neno hilo kwa tafsiri ya haraka.

Tatu, katika taarifa za usharika kwa mkutano mkuu, tuandike kwamba idadi imeongezeka tunaposema habari za idadi. Kuongezeka kwahesabiwa, kukua kwangojewa, kwatunzwa, na mwishowe kwashukuriwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba wingi wa vitenzi vya mimea katika Kiingereza ni zao la historia, kwamba kila kimoja kina hatua yake na hukumu yake, na kwamba Kiswahili kina akiba ya kutosha kuvipokea. Zaidi ya hayo, tumeona kwamba tofauti ndogo kati ya kukua na kukuza hugusa mafundisho ya neema. Mchungaji anayefika usharikani na jembe na ndoo ya maji amepewa vitenzi viwili, kupanda na kunywesha. Cha tatu si chake, na ndiyo sababu anaweza kulala usiku.